Kipimo cha jeni kwa kansa ya utumbo, kinasaidia kweli?

Binti_Kondele: Habarini wadau. Babangu alifanyiwa operesheni ya kansa ya utumbo mpana na sasa imefika kwa ini, daktari anataka tupime KRAS, BRAF na kitu inaitwa MSI kabla aongeze dawa. Tumechanga hadi tumechoka. Hizo jeni zinabadilisha nini jameni?

Nesi_Nakuru: Pole sana dada. Zinabadilisha mengi. KRAS ikiwa imebadilika, na hiyo huonekana kwa karibu wagonjwa 40 kati ya 100, dawa ya cetuximab haitamsaidia, mtauza ng'ombe bure. Jeni ya BRAF ikiwa na badiliko linaloitwa V600E, ni ishara ugonjwa una kasi, daktari anafaa kujua mapema apange. Lakini MSI, yaani kipimo cha makosa yaliyorundikana kwa DNA ya uvimbe, ikitoka juu, hapo kuna matumaini, uvimbe kama huo umeshindwa kurekebisha makosa ya DNA yake kwa hivyo kinga ya mwili inautambua haraka, na pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, hufanya vizuri, Marekani waliiidhinisha 2020 kama dawa ya kuanzia. Shida ni bei, hapo sikufichi.

Mkakamega: Na hawahitaji kumkata tena! Uliza maabara kama bado wako na kile kipande cha operesheni kwa bloku ya nta, ndicho hupimwa. MSI ikiwa juu muulizie pia mambo ya Lynch, hali ya kurithiwa inayoleta kansa ya utumbo; ikipatikana na nyinyi watoto mmeirithi, mtahitaji kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera, hata kama hamuumwi.

Binti_Kondele: Asanteni sana, kesho asubuhi naenda kuulizia hiyo bloku.