Naomba ushauri: kupanga wanafunzi kwa kiwango, si kwa darasa

Habari zenu walimu wenzangu. Darasa langu la tano lina wanaosoma hadithi bila kusita, na wengine wanakwama kwenye silabi "nywa". Tumejaribu vipindi vya ziada jioni, lakini wenye shida zaidi ndio hawabaki. Sasa nataka tuige mbinu ya Pratham, shirika la elimu la India: saa moja kila siku, darasa la tatu hadi la tano wapangwe kwa kiwango cha kusoma, si umri. Wenzangu wameafiki, mwalimu mkuu anahofia ratiba (na mitihani, ingawa hasemi).

Mliowahi kujaribu, mlianza na madarasa yote kwa pamoja au mawili tu? Na mkubwa akikaa na wadogo, mlimkingaje asichekwe?