Katelekeza basi miaka yote, nimelitia sauti ndiyo anakumbuka HAKIMILIKI!

Wakuu, nina hasira mpaka kibodi inaomba msamaha. Yule jamaa wa modi za mabasi, yaani mabasi ya kuongeza kwenye gemu, mnamjua, msinilazimishe kumtaja, leo kanitoa grupuni. Mimi! Kisa nimelirudishia basi lake sauti.

Lile basi la Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori, nani halikumbuki? Lilipokuja toleo la 1.37 mwaka 2020 na mfumo mpya wa sauti, FMOD, sauti za kizamani zikafa zote. Injini kimya, honi kimya, unashuka mlima Kitonga kama umebeba jeneza. Tumembembeleza mpaka watu wameota mvi. Meseji anasoma, hajibu. Nimekesha, nimetengeneza sauti mpya, nimelirusha basi mtandaoni bure, hata chai haijapoa kafufuka: "Nani kakuruhusu kugusa KAZI YANGU?"

Kazi yako! Na hiyo nembo ya kampuni ya watu ubavuni uliiomba lini? Kazi yangu, kazi yangu, halafu puu, nje. Hata salamu!

Mzee wa Gia: Yaani mkuu unalia kisa honi ya basi la kompyuta? Oa.

Wakili wa Kijiweni: Kisheria yuko sahihi. Kutelekeza siyo kuacha haki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unamlinda maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa, hata asiposajili popote. Ungetoa faili za sauti ulizotengeneza wewe, basi lake ukaliacha.

Mleta uzi: Miaka 50 baada ya kufa! Kwa hiyo honi watakuja kupiga wajukuu? Mtu hajibu hata "poa", leo KAZI YANGU!

Mzee wa Gia: Oa, nimesema.

Wa Rongai: Afadhali nyinyi mlipewa bure. Mimi niliuziwa modi ya matatu imefungwa isifunguke kwa mashine nyingine. Nimebadilisha laptop, imekataa, na jamaa hashiki simu.

Mgeni2: Samahani wakuu, hili gemu linaingia kwenye laptop ya RAM ya GB 4?

Kondakta Mstaafu: Jaribu, ila tafuta na feni ya kupepea. Halafu msinikumbushe laptop. Fundi kanirudishia yangu RAM moja haipo, ananiambia nilikuja nayo hivyohivyo.

Wa Rongai: Aii!

Mgeni2: Fundi yupi, yule wa ghorofani?

Kondakta Mstaafu: HUYOHUYO! Na wewe kakupiga?