Kambale na ningu wa maji baridi: harufu ya tope na miiba vinaondolewaje?

Binti wa Mikindani ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Nimezaliwa na kukulia Mikindani, ambako tukisema samaki tunamaanisha changu, tasi au chewa, na sikuwahi kumpika samaki wa maji baridi hata siku moja mpaka nilipoolewa na kuhamia Kitere. Huku, mvua zikishakolea na majaruba ya mpunga yakajaa maji, kambale huletwa mlangoni wakiwa hai ndani ya ndoo, na bei yake ni nafuu mno kuliko ya samaki wa pwani anayefika hapa akiwa amekwisha kulegea.

Tatizo langu ni kwamba nilimpika kambale wa kwanza kama ninavyompika changu: nikamkata vipande, nikamkamulia ndimu kidogo, nikamtia chumvi, kisha nikamtumbukiza moja kwa moja kwenye tui la nazi. Mchuzi ulitoka ukinuka kama maji ya mtungi ambao haujasuguliwa mwaka mzima. Mume wangu alikula tonge mbili bila kusema neno, kisha akauliza kama kuna chai. Wiki iliyofuata alinunua gulioni samaki mwenye magamba, ambaye yeye anamwita ningu, akiambiwa kwamba ametoka Mto Ruvuma. Huyo hakuwa na harufu, lakini alikuwa na miiba midogo midogo kiasi kwamba tulikula kwa woga na mtoto hatukumpa kabisa.

Naomba kuelekezwa: harufu ya tope huondolewaje, ule utelezi wa kambale husafishwa kwa kitu gani, na miiba ya ningu inafanywaje ili samaki alike?

Mzee wa Mahurunga amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimevua upande wetu wa Ruvuma tangu nikiwa kijana, na nitakuambia jambo ambalo wapishi wengi hawalitazami: harufu unayoilalamikia huanzia mahali samaki alipovuliwa, kabla hajafika kwenye chungu chako. Kambale aliyetolewa kwenye dimbwi lililobaki baada ya maji kupungua, pale ambapo maji yamesimama na yana rangi ya kijani, atanuka hata umpikie na nani. Kambale wa mtoni penye mkondo hana harufu hiyo, au anayo kidogo sana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuletea ndoo liwe ni wapi amemtoa, na ukiona anababaika, mpunguzie bei au mwache aende.

Kuhusu namna ya kumvua, kwa kuwa mumeo huenda akataka kujaribu mwenyewe, mimi hutumia mgono uliosukwa kwa fito, nikiutega kwenye mfereji unaounganisha mbuga iliyofurika na mto. Mvua za kwanza zinaposhuka, kambale hupanda kutoka mtoni kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji, na wakati huo sitegi, kwa sababu ukimkamata akiwa na mayai unavua na wa mwakani. Hutega maji yanapoanza kushuka, wakati samaki anarudi mtoni, na mdomo wa mgono naugeuzia upande wa mbugani. Kwa ndoana, usiku ndio wakati wake, maana kambale hutafuta chakula gizani kwa zile sharubu zake. Chambo ni nyungunyungu, utumbo wa kuku, au hata kipande cha sabuni ya mche, na anayecheka kuhusu sabuni ajaribu kwanza. Ukimnasa usimshike ovyo, kwani kila pezi la kifuani lina mwiba mgumu wenye meno kama msumeno. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikipita nyuma ya miiba hiyo.

Mambo mawili nasisitiza. Mumeo asisimame majini kando ya Ruvuma wakati wa jioni, kwa kuwa mamba wapo na hawana mchezo, na hata yale maji yaliyotulia yasiyo na mamba yana kichocho. La pili, msinunue samaki waliolewa utupa. Zipo sehemu ambako watu bado hutwanga majani hayo na kuyatia majini, na samaki wote, wakubwa kwa vifaranga, huelea juu kwa pamoja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, lakini hata isingekataza, dimbwi lililotiwa utupa mimi nalihesabu kuwa limekufa.

Ntilie wa Ndanda amejibu:

Dada, mzee amesema kweli kuhusu chanzo, lakini sisi wapishi hatuchagui mto, tunapokea kilicholetwa. Nimekuwa nikipika kambale kwa wateja wa mchana kwa miaka kadhaa, na nitakueleza ninavyofanya bila kuficha.

Utelezi usiuondoe kwa maji baridi, utachoka bure. Mpake samaki mzima majivu ya kuni yaliyochekechwa, au chumvi ya mawe, umsugue kutoka kichwani kuelekea mkiani, kisha ummwagie maji ya moto ambayo hayajafikia kuchemka. Utaona ule utando unabadilika na kuwa mweupe kama ute wa yai uliopata moto, na hapo unaukwangua kwa mgongo wa kisu. Maji yakiwa yanachemka kabisa ngozi itapasuka, na utakuwa umeanza kumpika kabla ya wakati.

Baada ya hapo mpasue tumbo kwa uangalifu ili nyongo isipasuke. Toa matumbo, toa mafuta yote ya rangi ya njano yaliyoshikana na tumbo, kisha pitisha ncha ya kisu kwenye uti wa mgongo kwa ndani na ukwangue ile damu nyeusi iliyoganda mpaka uone mfupa mweupe. Wengi huishia kwenye matumbo na kuiacha damu hiyo, na kwa maoni yangu nusu ya harufu iko hapo. Nyuma ya matamvua utakuta vitu vyekundu vyenye matawi kama mti mdogo. Ndivyo anavyovutia hewa akiwa nje ya maji, navyo viondoe pia. Ikiwa bado una shaka, mchune ngozi. Hupotezi kitu, isipokuwa uzuri wa kuangalia.

Kisha ndimu mbili kwa samaki mmoja wa wastani, siyo zile tone mbili tatu ulizomkamulia, pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, kwa nusu saa tu. Ukimwacha muda mrefu nyama italainika na kuvurugika. Hatua inayofuata ndiyo uliyoiruka: usimpeleke kwenye tui akiwa mbichi. Mbanike kwanza juu ya makaa hafifu, kwa moshi wa makumbi au vifuu vya nazi, mpaka mafuta yachuruzike na nyama ikaze. Tafadhali usitumie maganda ya korosho hata kama yamejaa uani, kwa sababu yana mafuta makali yanayochubua ngozi, na moshi wake utauma macho na kuharibu samaki. Akishakauka ndipo unamtia kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu uliokolezwa kwa maji ya ukwaju, au embe mbichi ikiwa ni msimu wake, na tui zito liingie mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuepua. Ugali wa muhogo unamfaa kuliko wali.

Wapo wateja wangu Wasabato ambao hawali kambale kwa kuwa hana magamba, kwa hiyo kabla ya kumkaribisha mgeni ni vyema kuuliza.

Mstaafu wa Lindi amejibu:

Naomba kuongeza maelezo machache kwenye yaliyosemwa, na kutofautiana kidogo na dada wa Ndanda. Harufu ile ya udongo husababishwa na kemikali iitwayo jeosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye tope na kwenye ule ukijani wa maji yaliyosimama. Samaki huipokea zaidi kupitia matamvua, nayo hujificha kwenye mafuta yake, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Asidi huivunja, ndiyo maana ndimu na ukwaju husaidia. Hata hivyo, dawa bora kuliko zote ni kumweka samaki hai kwenye maji safi kwa siku kadhaa bila kumlisha, ili aitoe mwenyewe.

Nilisoma Poland katika miaka ya 1980, na huko ndiko nilikoliona jambo hili kwa macho yangu. Mkesha wa Krismasi wao hula samaki aitwaye kapu, mwenye magamba makubwa, anayefugwa kwenye mabwawa yenye tope. Familia nilizozifahamu zilimnunua akiwa hai siku chache kabla, zikamweka kwenye beseni la kuogea, na watu wote wa nyumba wakasubiri kuoga. Watoto walimpa jina, na siku ya kumchinja pakawa na vilio. Kwa Waingereza, samaki wa jamii hiyo huhesabiwa wa daraja la chini kuliko trauti na samoni, na wavuvi wengi wa burudani humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini. Yaani dharau ya watu wa pwani kwa samaki wa maji baridi haikuanzia Mikindani.

Kambale ni rahisi zaidi kumweka kuliko kapu, kwa kuwa anavuta hewa ya juu. Pipa lenye maji nusu linatosha. Badilisha maji asubuhi na jioni kwa siku tatu, na ikiwa ni maji ya bomba yenye dawa, yaache wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Funika pipa na weka jiwe juu yake.

Kuhusu ningu, nao Wapoland walinifundisha. Miiba ile midogo yenye umbo la herufi Y imejificha ndani ya nyama, haishikani na uti wa mgongo, hivyo huwezi kuing'oa yote. Baada ya kumpaa magamba, mlaze ubavu na umchanje kwa kisu kikali, mistari iliyokaribiana sana, upana wa punje ya mchele kati ya mstari na mstari, ukikata nyama bila kufika ngozi ya upande wa pili. Utasikia miiba ikikatika chini ya kisu, krr, krr. Mkaange kwenye mafuta mengi yaliyopata moto sawasawa, nayo itakauka na kutafunika pamoja na nyama. Kwa mtoto mdogo, bado mpe minofu ya tumboni tu, ambako miiba ni mikubwa na huonekana.

Ntilie wa Ndanda amejibu:

Mzee, siku tatu ni sawa kwa mtu mwenye pipa na subira. Wateja wangu wanataka chakula saa sita.

Binti wa Mikindani amejibu:

Nawashukuru sana wote. Nilinunua kambale wawili Jumatatu na kuwaweka kwenye pipa kama alivyoelekeza mzee wa Lindi. Jiwe langu halikuwa zito vya kutosha, kwani usiku wa pili mmoja alisukuma kifuniko, na alfajiri mama mkwe alimkuta amejikunja chini ya mtungi jikoni, akiwa mzima kabisa, amejaa majivu mwili mzima. Huyo ndiye tuliyeanza naye, kwa kuwa alikuwa amekwisha jipaka mwenyewe. Niliikwangua ile damu ya uti wa mgongo, nikambanika kwa makumbi, nikamkoleza kwa ukwaju, na tui nikalitia mwisho. Harufu haikuwepo.

Wa pili bado yuko kwenye pipa, na safari hii nimeweka kinu juu ya kifuniko. Limebaki swali moja dogo: mama mkwe anadai kichwa cha kambale kisitupwe kamwe. Je, kinapikwaje?

Ntilie wa Ndanda amejibu:

Mama mkwe yuko sahihi, dada. Kipasue katikati, ondoa matamvua na vile vyenye matawi, kikwangue kwa chumvi ya mawe, kisha ukichemshe peke yake kwa ukwaju na pilipili bila nazi, mpaka nyama ya mashavu iachie mfupa. Mpelekee kwenye bakuli lake mwenyewe, wala usimgawie mtu mwingine.