UZI WA HASIRA: Yule bwana kachukua raketi yangu MPYA kuulia nzi

Mleta mada: Topspini Taratibu

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitavunja kiti.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye begi la magurudumu. Yule anayekuja ukumbini kwetu kwenye mpira wa meza na raketi nne na kufungwa kwa zote nne. Jina silitaji, sitaki mods wanifungie bure, na isitoshe yeye mwenyewe humu ndani anasoma kwa jina la kificho. Salamu zako, bosi.

Leo nimeingia ukumbini na raketi mpya. Ubao wa tabaka tano, mti mtupu, kaboni hakuna hata chembe. Raba, ile ngozi ya kupigia mpira yenye sponji chini yake, nimebandika kwa mkono wangu jana usiku. Nimepaka gundi ya maji, nimesubiri ule weupe wake uishe kabisa, nimelaza raba kuanzia mpinini kwenda juu huku naviringisha chupa juu yake hewa isibaki, nimekata pembeni kwa mkasi, nimezungushia utepe. Kazi imetulia. Upande mmoja mweusi, upande wa pili waridi. Ndiyo, waridi. Kuna mwenye shida?

Nikaiweka mezani, nikainama kufunga kamba za viatu. Nainua kichwa, raketi iko mkononi mwake.

Hakuomba, wakuu. Hata lile "hebu naomba niione" la kinafiki hakulisema. Keshabandua karatasi ya kukingia raba, kashindilia dole gumba katikati kabisa, pale pale mpira unapogonga, dole linang'aa mafuta, anaangalia shimo linavyorudi. Kisha akainusa. AKAINUSA! Mtu mzima! Halafu akaniuliza sponji ni milimita ngapi. Nikamwambia 1.8, nyembamba kidogo. Akageukia ukumbi mzima: "MOJA NUKTA NANE!" Watu wakaacha kucheza. Kuna mmoja alikuwa anapiga sevu, mpira umempita mwenyewe.

Hapo ndipo nzi akatua mezani.

Akainyanyua raketi YANGU, akafumba jicho moja, akalenga, PAA! Nzi akaondoka zake mzima wa afya. Yule bwana akaitazama raketi, akaitazama meza, akanirudishia huku anasema: "Hata kuulia nzi haifai."

Ukumbi ulicheka mpaka wavu ukalegea. Nzi mwenyewe nadhani alicheka.

Halafu hakuishia hapo, akaanza mhadhara. Eti waridi hairuhusiwi. Inaruhusiwa tangu Oktoba 2021! Upande mmoja uwe mweusi, wa pili nyekundu, waridi, zambarau, kijani au bluu, chagua mwenyewe. Eti ubao usio na kaboni ni kibao cha kukatia vitunguu. Bwana, hata huo wa kwako kwa sheria lazima angalau asilimia 85 ya unene iwe mti. Unatambia kitambaa chembamba kilichofichwa ndani ya gundi!

Na tuseme vifaa vyake basi, maana tumevumilia mno. Kwenye fohendi, upande wa kiganja, kaweka raba ya Hurricane 3 kwa sababu ndiyo raba ya bingwa Ma Long. Raba ile inanata, sponji yake ngumu, inataka mkono wote, kiuno na miguu. Yeye kiuno chake hakijazunguka tangu enzi za mpira wa zamani wa milimita 38. Akipiga unaingia wavuni, analaumu unyevunyevu. Kwenye bekihendi, upande wa mgongo wa mkono, kaweka raba ya kuruka, unene wa mwisho kabisa, juu ya ubao wa kaboni, mipira yake inatua meza ya jirani na kuomba uraia. Viatu? Soli bado inang'aa, kwa sababu havijawahi kumfuata mpira kokote.

Huyo ndiye kasema raketi yangu haifai kuulia nzi. Na nzi HAKUMUUA! Kamkosa yeye, lawama imebeba raketi. Ndivyo anavyocheza pia.

Nimeifuta kwa maji, nimeifuta kwa sponji ya kusafishia, lile dole bado naliona. Mtu wa hivi anafanywaje? Nawasilisha.

---

Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Endeleeni.

Bekihendi Moja
Pole sana mkuu. Swali la msingi: nzi anaendeleaje?

Mwamuzi wa Bure
Mleta mada tuliza munkari. Sheria inasema kabla ya mechi lazima umwonyeshe mpinzani na mwamuzi raketi yako, na uwaruhusu waikague. Jamaa kakagua tu.

Topspini Taratibu
@Mwamuzi wa Bure KUKAGUA! Kukagua ni kwa macho! Na mechi yenyewe haikuwepo, nilikuwa nafunga viatu! Onyesha kifungu cha nzi!

Mwamuzi wa Bure
Kifungu cha nzi hakipo. Ila hata karipio kwake sina, maana hakupiga mpira. Na ukitaka kumlipizia, mpeleke akapimwe yeye: raba, sponji na gundi pamoja visizidi milimita 4. Hiyo bekihendi yake mimi nina wasiwasi nayo kitambo.

Kona ya Meza
Nyie watu wa siku hizi mna roho nyepesi. Olimpiki ya Paris 2024, Mchina Wang Chuqin kachukua dhahabu ya wawili wawili mchanganyiko na Sun Yingsha, anasherehekea, wapiga picha wakaikanyaga raketi yake, ikavunjika. Ikavunjika, mkuu. Kesho yake kaingia singo, mmoja kwa mmoja, na raketi ya akiba, kapigwa 4-2 na Msweden Truls Möregårdh, katolewa. Hakufungua uzi. Wewe umeguswa na dole gumba.

Topspini Taratibu
Wang Chuqin hakuambiwa "hata kuulia nzi haifai" mbele ya ukumbi. Tusifananishe.

Bekihendi Moja
Na huyo Möregårdh ubao wake una pembe sita, ukimwonyesha jamaa wa begi atazimia. Kaondoka Paris na medali ya fedha. Sheria haijali umbo wala ukubwa, mradi ubao uwe bapa na mgumu.

Vipele Virefu
Mkuu mimi nakuelewa kuliko wote. Kwangu mimi alishika raketi, akapapasa raba zangu za vipele virefu, akauliza kwa sauti: "Huu ukurutu umeenda hospitali?" Tangu siku ile ukumbini naitwa Ukurutu. Watoto wananiamkia "Shikamoo Mzee Ukurutu". Wewe una nzi mmoja, tena kaondoka.

Siti ya Mbele
😂😂😂 Marahaba Mzee Ukurutu.

Ponda Mali
@Vipele Virefu Hapo namuunga mkono jamaa wa begi. Watu wa vipele virefu ndio mnaoua mchezo. Mtu unampiga topspini, mpira wa kuzunguka kwenda mbele, yenye akili zako zote, yeye kaweka raketi tu, anaangalia pembeni, mpira unarudi umekatwa, unazunguka kinyume. Unaukata, unarudi bila kitu, unaelea juu. Huo ni mpira wa meza au ni mazingaombwe?

Vipele Virefu
Ni mzunguko wako mwenyewe ndugu yangu, mimi nakurudishia mali yako. Vipele vinalala, mpira unateleza, mzunguko uliouleta unabaki nao. Soma mpira, acha kulia. Kwani nimekuzuia kunitumia mpira mfu, usio na mzunguko?

Ponda Mali
Mpira mfu naujua. Ninachosema mmezidi. Juzi mmoja kageuza raketi mkononi katikati ya pointi.

Vipele Virefu
Ndiyo maana rangi ni mbili! Angalia rangi! Au ulitaka na barua?

Mzee wa Gundi
Mnagombana juu ya nini nyie watoto wa gundi ya maji? Mpira wa meza ulikufa Septemba 2008 walipopiga marufuku gundi ya kutengenezea kasi. Zamani unapaka gundi mpya kabla ya mechi, sponji inavimba, raba inajikunja pembeni. Ukipiga mpira unalia TAK! mpaka mtu wa nje anajua nani anacheza. Sasa hivi mnapiga pu, pu, pu. Halafu mnagombea 1.8 na 2.1.

Kona ya Meza
Mzee ilikuwa sumu ile. Watu walikuwa wanavuta hewa ya kemikali chumba cha kubadilishia nguo.

Mzee wa Gundi
Tulikuwa na furaha lakini.

Siti ya Mbele
Mzee, hiyo furaha ndiyo kemikali yenyewe.

Mgeni Mstaarabu *(kajiunga leo)*
Habari wanajukwaa. Mimi ni mgeni, simjui mtu yeyote kati ya mnaowataja. Kwa mtazamo wangu huru, 1.8 kweli ni ndogo kwa mchezaji anayejitambua, na ubao usio na kaboni hauna makali ya kisasa. Huyo bwana anaonekana ni mtaalamu anayejitolea kusaidia wenzake bila malipo. Kuhusu nzi, inawezekana kabisa mwanga ulikuwa mbaya.

Bekihendi Moja
Karibu bosi. Begi umeliacha wapi?

Vipele Virefu
"Mwanga ulikuwa mbaya." 😂 Hiyo sentensi tunaisikia kila akifungwa. Mzee Ukurutu anakusalimu.

Topspini Taratibu
NI YEYE! Mods, NI YEYE! Aliyesema habari za mwanga nani? Mimi mwanga sijautaja popote! Futa dole lako kwenye raba yangu kwanza, ndipo uje na mtazamo huru!

Mgeni Mstaarabu
Nimeshasema mimi ni mgeni. Na ile raba ilikuwa imebandikwa vibaya upande wa chini kushoto.

Siti ya Mbele
Jamani 😂😂😂😂 mgeni kaona mpaka chini kushoto.

Mwalimu Bila Filimbi
Niseme neno moja la maana kabla uzi haujaoza zaidi. Mleta mada hajakosea kwenye vifaa. Mtu ambaye bado anajenga mapigo, ubao wa mti mtupu na sponji ya 1.8 au 2.0 unamwonyesha kosa lake, mpira unakaa kidogo kwenye raba, mkono unajifunza. Kaboni na sponji nene vinakulipa ukiwa tayari una pigo. Kama huna, vinakuzidishia kosa kwa kasi tu. Ila kama mna hela ya kitu kimoja, wekeni kwenye viatu. Ukumbi mzima mnabadilisha raba na miguuni mmevaa viatu vya kukimbilia.

Kifundo
Mwalimu nakuunga mkono kwa machozi. Mimi nilikuwa navaa vya kukimbilia, vile vya kisigino kinene laini. Mpira ukaletwa pembeni ya fohendi, nikaruka kwenda kulia, kiatu kikasimama, mimi nikaendelea. Kifundo kikafanya kwaa! Nililala chini ya meza naangalia nati zake. Na mpinzani akahesabu pointi! Ndugu, nipo chini nalia, nasikia "kumi-nane".

Ponda Mali
Pointi ilikuwa halali lakini.

Kifundo
Sijasema haikuwa halali, nasema angesubiri nipumue! Hivi viatu vya mbio vimetengenezwa mguu uende mbele. Huku kwetu tunakwenda pembeni siku nzima. Unataka soli nyembamba, bapa, ya mpira laini unaong'ang'ania sakafu, ukanyage uisikie. Sasa nimenunua vya kwetu, nikakuta sakafu yenyewe ina vumbi, nateleza vile vile. Mwenye ukumbi anafagia kwa mawazo tu.

Kona ya Meza
Weka kitambaa kibichi pembeni ya meza, kanyagia kabla ya kila sevu. Ukiona mtu anafuta soli kwa kiganja cha mkono halafu anashika mpira, huyo ndiye wa kumfungulia uzi.

Bekihendi Moja
Na anayefuta jasho kwenye meza ya upande WAKO? Ana meza yake, jasho kalileta kwangu!

Mzee wa Gundi
Zamani hatukuwa na jasho hilo.

Topspini Taratibu
Wakuu tumetoka kwenye mada. Raketi yangu. Nzi.

Kifundo
Tumekusikia mkuu, pole. Mwalimu, naomba msaada: kwa nini kiatu cha kulia kinakufa mapema? Cha kushoto bado kipya, cha kulia kimelika kwa ndani, pale kwenye dole gumba, kinaona jua.

Mwalimu Bila Filimbi
Unapiga fohendi kwa mkono wa kulia, mguu wa kulia ndio unasukuma, na ukimaliza unauburuta badala ya kuunyanyua. Kawaida. Nyanyua mguu.

Kifundo
Kuunyanyua nitajifunza, ila kwa sasa ninavyo viatu vya kushoto vizima nyumbani havina mwenza. Navitupaje?

Mashoto wa Kona
Usitupe! Mimi napigia kushoto, kwangu kinakufa cha kushoto, vya kulia vimejaa uvunguni. Namba ngapi?

Kifundo
42.

Mashoto wa Kona
Njoo inbox haraka, kabla jamaa wa begi hajaja kuvinusa.