Mada: Baiskeli Mtwara hadi Lindi kuchangia matangi ya shule, Desemba au Agosti?

Kutoka: Mwana wa Mikindani, Leicester

Salaam ndugu zangu wa kusini,

Juni niliendesha baiskeli London hadi Brighton, ile safari ya kuchangia British Heart Foundation, taasisi ya hisani ya magonjwa ya moyo. Maili 54, yaani kilomita 87. Kilima cha Ditchling Beacon nilikipanda kwa miguu, nasukuma baiskeli kama muuza mkaa, wala sioni haya kusema. Wenzangu kazini walinichangia vizuri, tena watu ambao siku nyingine hata salamu tunapeana kwa kidevu.

Njiani nikawaza: Mtwara mjini hadi Lindi mjini ni kilomita mia na ushee. Tukipata watu kumi wa kuendesha, tukachangiwa huku tuliko, tunaweza kuiwekea matangi ya maji ya mvua ile shule ya msingi ya uwandani kwa Mjomba, Newala, ambako watoto wanaingia darasani na vidumu. Nafikiria wiki ya Krismasi, wengi tunapata likizo. Nani yumo? Na nianzie wapi? Sijawahi kuendesha baiskeli nyumbani zaidi ya Mikindani kwenda sokoni.

Kutoka: Binti wa Lindi, Houston

Nimempigia mama Lindi kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza: "Kwani wamekosa nauli?" Nikamwambia hapana mama, watu wanatoa pesa kwa sababu wao wanaendesha baiskeli. Akasema basi baba yako angekufa tajiri.

Baba alikuwa anapakia samaki wakavu kwenye baiskeli ya Phoenix, anatoka nao Lindi mpaka Mtama. Kwa hiyo mkipita Mnazi Mmoja ya kwetu Lindi na kofia zenu na hizo kaptula za kubana, msisubiri makofi. Subirini maswali. Mimi nimo, ila tafuteni jibu la mama yangu kwanza.

Kutoka: Mjomba wa Newala (niliyerudi)

Wanangu, nimesoma. Wazo zuri, mwezi mbaya. Nawaambia kama mtu aliyekaa Reading miaka mingi akapanga kila kitu cha nyumbani kwa kalenda ya Krismasi, akaumbuka kila mara.

Anzeni na upepo. Kutoka Mtwara barabara inaelekea magharibi na kaskazini kidogo mpaka Mnazi Mmoja, halafu inakata kulia kwenda Lindi. Kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi, inatoka kusini mashariki. Maana yake unatoka Mtwara upepo uko mgongoni, anakusukuma Mungu mwenyewe. Desemba imeshaingia kaskazi, inatoka kaskazini mashariki. Itakuacha uchoke kilomita themanini, kisha ukikata kona ya Mnazi Mmoja inakuja kukupiga usoni kwenye zile ishirini za mwisho, saa ya jua kali. Baba yake Binti wa Lindi alilijua hili bila kuambiwa na simu.

La pili, malori. Korosho zinaanza kuuzwa Oktoba, na mpaka Desemba magunia bado yanakwenda bandarini Mtwara. Kuna malori ya saruji kutoka kiwandani mwaka mzima, na miaka hii yameongezeka ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea kupitia Masasi. Yote hayo yanakutana nanyi kati ya Mnazi Mmoja na Mtwara. Agosti malori ya saruji na makaa yatakuwepo, lakini ya korosho hayapo, nayo ndiyo yanayokimbilia mnada.

La tatu ndilo kubwa, na nashangaa hakuna aliyeligusa. Huku kwetu tuna masika moja tu. Mvua inaanza Novemba au Desemba, inaisha Aprili au Mei. Uwandani Makonde hakuna mto wala kijito juu, maji yote yanazama kwenye mchanga na kutokea bondeni, ndiyo maana bibi zetu walikuwa wanashuka na kupanda mlima na mtungi kichwani. Mkichanga Desemba, tangi litafungwa Machi, mvua inaaga. Mkichanga Agosti, Septemba fundi anafunga mifereji kwenye paa, Oktoba tangi liko kwenye msingi wake, Desemba linajaa.

Nimepima paa la madarasa mawili pale shuleni: mita 20 kwa 8. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzito ya milimita 30 ni lita 4,800. Tangi la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa usiku mmoja! Kwa hiyo msinunue tangi moja kubwa la kupigia picha. Nunueni mawili au matatu, na pesa nyingine iende kwenye mifereji, kwa sababu tangi bila mfereji ni pambo.

Sasa njia. Mnaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, si saa moja. Mikindani mnapita bado kuna ubaridi, mkitoka pale kuna kupanda, msishindane. Mkienda mwendo wa kilomita 18 kwa saa, na mapumziko, saa nane mchana mko Lindi. Njiani mtakuta ming'oko ya kuchemsha, ndizi na madafu, kwa hiyo hivyo vibiskuti vyenu vya kuongeza nguvu viacheni huko huko. Agosti watu wanapulizia mikorosho salfa. Mkiona vumbi la njano linatoka shambani, fungeni pua mpite upesi.

Tarehe: si Ijumaa, watu wanakwenda msikitini na barabara inajaa. Msiweke pia siku za Nane Nane. Viwanja vya Ngongo viko pale pale mnapoingilia Lindi, na wiki ile kuna magari, ng'ombe wa maonyesho na kila aina ya binadamu. Jumamosi inayofuata inatosha.

Barua ziandikeni mapema: moja kwa mkurugenzi wa kila halmashauri mnayopita, nakala kwa wakuu wa wilaya na polisi wa usalama barabarani. Mikoa ni miwili, kwa hiyo polisi wa Mtwara watawasindikiza mpaka mpakani na wa Lindi watawapokea. Msiposema mapema mtasimama mpakani mnatazamana.

Kutoka: Dada Nesi, Reading

Shikamoo Mjomba. Agosti na mimi nakubali, shule za huku zimefungwa.

Mambo ya pesa, maana nimewahi kuona mchango ukigeuka ugomvi wa ukoo. Kila mtu ajilipie tiketi yake. Nauli yangu ya mwaka juzi peke yake ingenunua zaidi ya tangi moja la lita 5,000. Anayekwenda awe ni mtu ambaye angekwenda nyumbani hata bila baiskeli. Mtu akichangia paundi kumi ajue kumi zote zimekwenda Newala.

Walioko Uingereza: mkichangisha kupitia taasisi ya hisani iliyosajiliwa huku, na mchangiaji ni mlipa kodi akajaza fomu ya Gift Aid, serikali inaongeza peni 25 kwa kila paundi. Mkikusanya kwenye akaunti ya mtu binafsi hampati hata senti. Nitatafuta taasisi ya kutubeba.

Afya. Nyote mliokaa huku miaka mitano, kumi, msijidanganye kuwa malaria inawajua. Kinga ya utotoni inapungua ukikaa mbali. Mwone daktari wiki kadhaa kabla, anza dawa za kinga kwa wakati wake. Bebeni chumvi za kuongeza maji mwilini, mnywe kabla ya kiu. Na soma sera ya bima yako ya safari neno kwa neno: nyingine hazilipii mashindano. Sisi hatushindani, na tuandike hivyo kila mahali.

Kutoka: Kaka wa Masasi, Rotterdam

Kuhusu baiskeli yenyewe. Nilisafiri na yangu mwaka fulani. Nilifungua pedali, nikageuza usukani, nikapunguza upepo kwenye matairi, nikaweka kwenye boksi la bure kutoka dukani. Ikafika Dar na kile kichuma cha nyuma kinachoshika mtambo wa kuhamisha cheni kimepinda. Shirika lilinipa fomu. Fundi wa pale Mtwara alininyooshea kwa spana na jicho moja, akataka elfu tano, nikampa kumi. Bebeni kichuma cha akiba, ni kidogo kama kidole na kila baiskeli ina cha kwake.

Matairi: Phoenix za nyumbani zimeandikwa 28, na baiskeli nyingi za huku pia zimeandikwa 28. SI SAWA. Rimu ya Phoenix ni kubwa zaidi, milimita 635, zetu ni 622. Tairi la dukani Masasi halitakaa. Bebeni tairi moja la akiba kwa kila watu wawili, na tyubu tatu kila mtu, kwa sababu ya miiba. Solusheni na viraka mtavikuta kila kijiji.

Mlioko huku Ulaya bara na Marekani: nyumbani tunakwenda KUSHOTO. Asubuhi ya kwanza mwili unasahau.

Kutoka: Mdogo wenu, Berlin

Agosti sipati likizo. Lakini kuna watu saba huku wamekubali kuendesha kilomita zile zile Jumamosi hiyo hiyo, na tutaanzia mlangoni kwa makumbusho alipo mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria. Walianza kumchimba Lindi 1909, sasa amesimama hapa zaidi ya mita 13, ana haki ya kuchangia tangi. Mjerumani akiniuliza kwa nini tunaanzia pale, ndipo nitakapomtolea karatasi ya mchango.

Kutoka: Mwana wa Mikindani, Leicester

Mjomba, nimeshindwa hoja kwa upepo. Desemba imekufa. Jumamosi inayofuata Nane Nane, Mtwara saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya pili tunakwenda kwa gari Newala kupima paa tena. Mpaka sasa tuko sita wa kuendesha na saba wa Berlin.

Binti wa Lindi, mwambie mama: nauli tunayo. Watu wa huku hawatoi pesa ukiwaomba umekaa, wanataka wakuone unatoka jasho kwanza.

Kutoka: Binti wa Lindi, Houston

Nimemwambia. Amesema basi mkifika mpitie nyumbani mle, na mmoja wenu ambebee gunia la mkaa kutoka Mnazi Mmoja, kwa vile mnakuja na baiskeli.

Kutoka: Mjomba wa Newala

Fundi wangu hapa anauliza valvu zenu ni nene au zile nyembamba. Kama ni nyembamba pampu yake haiingii, mje na kiunganishi. Nijibuni kabla ya Ijumaa, ana safari ya Tandahimba.