Kampokonya mtoto kitabu mkononi, darasani kwangu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mwalimu wa taaluma mnamjua, msimamizi wa masomo, kila shule ina wake. Yule ambaye hata ukimuota usiku anakudai andalio la somo.

Leo kipindi cha mwisho nimewaachia Kidato cha Kwanza wachague wenyewe cha kusoma. Nikamwaga mezani vyote nilivyonavyo: hadithi, mashairi, gazeti la michezo, mpaka kitabu cha ufugaji wa kuku. Darasa kimyaaa. Kuna binti tangu Januari hajanyoosha mkono, leo kazama kwenye riwaya, midomo inamchezacheza. Huyu bwana kaingia bila hodi, kampokonya. Kakifunga. Kisha mbele ya wenzake wote: "Hiki kinatoka NECTA?"

Kakifunga, wakuu! Hata ukurasa hakumwacha aukunje!

Mtihani wa taifa wa NECTA gani, Kidato cha Kwanza? Vile vitabu vya fasihi vya mtihani, kama kina Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, watavisoma Kidato cha Tatu, na kwa mwendo huu watavifikia wameshachukia kila chenye jalada. Angekuwa anachezea simu ningenyamaza. Kitabu! Unampokonyaje mtoto kitabu, shuleni?

Wasimamizi, msiunganishe uzi huu na mwingine.

Mzee wa Chaki: Mkuu, silabasi umemaliza? Tuanzie hapo.

Mama Wawili: Gazeti la michezo darasani? Wangu akirudi na msimamo wa ligi badala ya insha, mtaniona hapo getini nimejifunga kibwebwe.

Mleta uzi: Si anausoma huo msimamo! Hivi mmeelewa nilichoandika? KAKIFUNGA!

Mama Wawili: Tumekusikia, kakifunga. Kifungue basi.

Jirani wa Namanga: Nyinyi mna nafuu. Huku Kenya vitabu teule, vile vya fasihi vya mtihani, vikibadilishwa, vya kaka mtu havimfai mdogo wake. Mzazi unanunua upya.

Kidevu: Kwetu maktaba ipo, kufuli lipo, ufunguo anao mkuu wa shule. Na mkuu yuko semina.

Mzee wa Chaki: Semina kuna posho bwana. Sisi hata hela ya uhamisho hatujaiona.

Kidevu: Usinitoneshe kidonda. Nimehamishwa kutoka Sumbawanga, makabati nimesafirisha kwa mkopo, halmashauri wananiambia nivute subira.

Mzee wa Chaki: Barua ya madai ulipeleka nakala ngapi?