Mtoto acheze mpira wa Kimarekani baada ya yaliyomkuta Mike Webster?

Baba Imani, Minneapolis: Wakuu, kijana wangu ana miaka 12 na mwili umemkubali. Kocha anamtaka mstari wa mbele. Mama yake amekataa katakata, kila nikifungua mdomo ananitajia Mike Webster, yule mchezaji aliyeharibika ubongo. Mnasemaje?

Kipanga: Webster yule wa Dallas? Alijitakia. Hela walikula, leo wanalalamika. Mwache dogo acheze, chuo atasoma bure.

Bint Saidi: Pittsburgh Steelers, si Dallas! Na hilo "alijitakia" lifute. Misimu 15 pale, kashinda Super Bowl, fainali ya ubingwa, mara 4. Kazi yake kuinama, kupitisha mpira nyuma katikati ya miguu, na papo hapo kuvaana na jitu la kilo mia na ushee, kichwa kwa kichwa. Alipostaafu akawa analala kwenye pikapu, meno yakimtoka anayabandika kwa gundi. Akafa 2002 na miaka 50. Nani alimwonya?

Kipanga: Dada, marehemu sijamtukana. Wengi wamecheza na wazima hadi leo. Yule daktari Mnigeria aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa anatafuta jina tu.

Tabibu Mstaafu: Hapo umenigusa pabaya. Bennet Omalu alilipia vipimo kwa hela ya mfukoni mwake. Kwa macho ubongo ule ulionekana mzima. Madhara yalionekana kwenye hadubini, baada ya kukatwa vipande vyembamba. Alipochapisha 2005, madaktari wa kamati ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, wakaandika makala yake ifutwe. Jina gani hilo la kutafutwa kwa kudhalilishwa?

Kipanga: Kwa hiyo akiwa Mwafrika mwenzetu asihojiwe?

Tabibu Mstaafu: Mhoji, ila kwa hoja. Bodi ya mafao ya wachezaji wa NFL ilikubali mwaka 1999 kwamba Webster alilemaa kwa majeraha ya kichwa ya uwanjani. Omalu alikuwa bado hajamgusa!

Bint Saidi: Na bado familia ilibidi iende mahakamani kudai mafao yake kamili, kesi ikaburuzwa hadi 2006. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwana Tanga: Mbona ndondi hamzisemi? Au wale wetu vichwa vyao chuma?

Bint Saidi: Anzisha mada yako, nitakuja.

Baba Imani, Minneapolis: Jamani, mama Imani amesoma yote haya. Sasa anauliza mpira wa aina ile ya kunyakua kitambaa kiunoni, usio na kugongana. Kuna mwenye mtoto huko?

Kipanga: Huo wa kitambaa mpeleke. Ila Tabibu, hiyo ya 1999 sijaikubali, naitafuta.